Kitambaa Chekundu Bombani

Kofi la pili lilimpasua Nyamizi mdomo.

"Uliacha udongo kwenye mabomba!" alifoka Kabwogi, msimamizi wa kazi. "Siku ya tatu leo, maji hayapiti!"

Nyamizi, fundi bomba, alitema damu lakini hakuuondoa mkono kwenye koki. Mabomba yale yalizikwa uani mwa hospitali ili yavute joto la ardhini na kupasha wodi ya watoto njiti. Kabla ya kujazwa maji yenye dawa na kufungwa, sharti yasafishwe kwa pampu mpaka hewa na taka zote zitoke.

"Kuna kitu kimeziba, bosi. Niongeze nguvu ya pampu."

"Funga! Wageni wa uzinduzi wanafika saa nane."

Kabwogi akamkaba shingo, akaukamata ule mkono wa kwenye koki na kuupinda. Nyamizi akamng'ata mkono mpaka meno yakagusa mfupa. Kabwogi akapiga yowe, akamwachia. Nyamizi akanyakua spana kubwa, akaiinua juu ya kichwa cha msimamizi, na kwa mkono wa pili akafungulia pampu mpaka mwisho.

Bomba likatetemeka, likakohoa, likatapika tope ndani ya pipa. Kisha kikatoka kitambaa chekundu, kimejisokota kama utumbo.

Vibarua wote waliokuwa wakitazama walikitambua. Siku ya kuzika mabomba, Kabwogi alikivua shingoni mwake, akazibia mdomo wa bomba udongo usiingie, kisha akaenda kula.

Kabwogi alijipapasa shingo tupu. Maji yakaanza kuja meupe, bila hata kiputo kimoja, na spana ilikuwa bado iko juu.