Lebo ya Hema

Dukani nilichagua hema la mtu mmoja, jepesi, gramu mia tisa tu. Muuzaji alipoomba kiganja changu nilimpa, kama kila mnunuzi anavyotakiwa. Mashine ikasoma sababu yangu ya kweli ya kununua, ikaichapa kwenye lebo iliyoshonwa pembeni. Lebo ya sababu haing'olewi; ukiing'oa, unashtakiwa.

Nyumbani nilimkuta mama kwenye cherehani, akikanyaga pedali kwa viatu vipya vya mlimani ili avizoee. Tulikuwa tumekubaliana kupanda pamoja milima ya Upare, na kundi la wenzangu. Lebo ya viatu vyake ilisema: "Nipate siku tatu na mwanangu Namkunda."

"Mahema ya watu wawili yamekwisha, mama," nikamwambia.

"Si neno, mwanangu. Hebu nilione."

Nililikunja ili lebo iingie ndani, lakini vidole vya fundi cherehani vinajua kutafuta. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, taratibu: "Naona haya kuongozana na mama mbele ya wenzangu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama alikata kipande cha kitenge, akakiweka juu ya lebo, akakishona pande zote nne.

"Kung'oa wamekataza, kufunika hawajakataza," alisema, akikata uzi kwa meno. "Wenzako wasije wakakufikiria vibaya huko."

Kisha akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.