Kiti Chekundu cha Ngiri

Zamani, lakini si zamani sana maana chupa za plastiki zilikuwa zimeshajaa porini, Ngiri alijiona mjanja kuliko wanyama wote. Kila alipookota chupa aliitia mchanga kidogo, akakaza kifuniko, ndipo akampelekea Kobe aliyekuwa akinunua kwa kilo.

"Mbona chupa zako nzito hivi, bwana?" Kobe aliuliza.

"Soda yenyewe ilikuwa nzito, mzee wangu," Ngiri akajibu, akacheka njia nzima.

Chupa zikavuka bahari, zikasagwa, zikayeyushwa, zikarudi viti. Ngiri akanunua kimoja chekundu, akaita majirani waje wamwone alivyokaa kama mheshimiwa. Akakaa. Kiti kikapasuka, Ngiri chali, miguu juu.

Akazoa vipande, mbio hadi kwa Kobe, anafoka. "Tazama, mzee, kimejaa mchanga! Aliyefanya hivi ni mshenzi, hana haya, hana hata..."

Kobe akamtazama bila kupepesa macho.

"Malizia, bwana. Hana hata nini?"

Ngiri akavitazama vile vipande, kicheko kikamponyoka.

"Hana hata kiti," akasema, akaketi chini mchangani.