Kioo cha Kunyolea

Siku ya tatu tangu maporomoko yaikate barabara ya mlimani, Sikudhani alisogeza tena kipaza sauti cha redio ya upepo mdomoni.

"Kituo cha Juu, Kituo cha Juu, mmenipata? Ova."

Akahesabu kimoyomoyo hadi kumi, kama walivyofundishwa wote wa kazi ile, ili kumwachia wa upande wa pili nafasi ya kujibu. Redio ilikoroma tu. Huko juu alikuwako mumewe, Shomvi, pamoja na mafundi wanne.

"Pole, mama," alisema msimamizi wake, Mzee Kihwelo, kalamu ikiwa juu ya orodha. "Nawafuta. Waokoaji waende bondeni, ambako tuna hakika kuna watu hai."

"Betri yao imechoka, mzee. Kusema hula betri, kusikiliza huilamba tu. Huenda wananisikia tangu juzi."

"Huenda si jibu."

Sikudhani alilifungua dirisha linalotazama mlima. Jua lilikuwa limeshachomoza. Akabonyeza kitufe.

"Shomvi, mume wangu. Kama unanisikia, chukua kile kioo chako cha kunyolea, ukinge jua, umulike huku mjini. Mara mbili. Ova."

Akaanza kuhesabu, safari hii kwa sauti. Alipofika saba, kitu kikamemeta mlimani, kikazimika.

"Bati lililolowa mvua," alisema Mzee Kihwelo. Lakini kalamu hakuishusha.

"Nane," alisema Sikudhani. "Tisa."