Kiti cha Baiskeli ya Marehemu

Matanga yalikuwa hayajaanuliwa, na tayari Faki alishakishusha kiti cha baiskeli ya marehemu kakaye hadi chini kabisa, ili miguu yake mifupi ifikie pedali. Siwema, mjane, alipokiona alimwendea.

“Shemeji, kaburi halijakauka!”

“Baiskeli haikai eda,” alijibu Faki, akilamba mafuta ya pilau vidoleni. “Anayekaa eda ni wewe. Nami nitakungoja.”

Siwema akatema mate. Akatwaa spana ya mumewe, akalegeza nati, akakivuta kiti juu mpaka alama ya kutu kwenye bomba lake, palepale alipokizoea marehemu, akakaza kwa nguvu zake zote. Spana akaitumbukiza chooni.

Faki, kwa ubishi, akapanda mbele ya wafiwa wote. Miguu ikabaki ikizitafuta pedali hewani.