Swichi Nyuma ya Picha ya Jua

Kabla ya wageni kuingia, mwelekezaji aliinyoosha picha ya jua ukutani. Haikuwa imepinda. Alitaka tu kuhakikisha kwamba swichi iliyo nyuma yake haionekani.

Kituo cha maonyesho kilikuwa chumba kimoja chenye vitu vichache: taa ya wodi, feni, friji ndogo ya chanjo. Paneli za sola zilikuwa juu ya paa, betri ndani ya kabati. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu kwamba moshi wa mafuta na ukame unaowatesa ni jamaa wa nyumba moja, na kwamba jua lina uwezo wa kuendesha wodi nzima. Aliijua kazi hiyo na aliiamini.

Kilichomkosesha usingizi ni swichi. Msimu uliopita wa mvua, taa ilififia mbele ya wageni, na mmoja wao akauliza kama aende kununua mshumaa. Wiki hiyohiyo mwelekezaji alimwita fundi umeme, naye fundi akavuta waya kutoka kwenye nguzo ya barabarani.

"Ukiiwasha hii, umeme wa nguzo ndio utakaobeba mzigo," fundi alimwambia. "Ukikatika, betri zinapokea zenyewe. Hata taa haitapepesa."

"Itakuwa ya dharura tu."

"Wote husema hivyo, dada yangu."

Aliiwasha siku hiyo na hakuizima tena. Tangu hapo, kila aliposema "yote haya ni jua", aliepuka kuitazama picha ile.

Leo mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku. Ng'ambo ya barabara, chini ya kibaraza, fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa amekalia ndoo, kinga ya uso ikiwa juu ya kichwa, akicheza drafti na muuza juisi. Siku nyingine mashine zao zilimlazimu mwelekezaji kupaza sauti. Leo kila neno lake lingesikika, na jambo hilo halikumpa raha.

Wageni walikuwa wawili: mkunga mkuu wa zahanati ya uzazi, na mwenyekiti wa kamati ya zahanati hiyo. Kamati ilitakiwa kuchagua kabla ya jioni, sola au jenereta ya dizeli.

"Mama huyu ametuimbia jua mwaka mzima," mwenyekiti alisema akikung'uta mwavuli. "Nikamwambia, basi twende siku ya mvua. Tumwone bwana harusi akiwa hajaoga."

"Jua halipangi foleni kwenye kituo cha mafuta," mkunga akajibu.

"Wala halichomozi usiku."

"Watoto je, mwenyekiti? Wao huja saa ngapi? Wewe unalala. Mimi ndiye ninayepokea mtoto huku nimebana tochi ya simu kwa meno."

Mwenyekiti alicheka.

Mwelekezaji aliwapitisha taratibu. Mkunga alifungua friji, akaweka kiganja ndani, akakiacha humo mpaka kikapoa. Alisimama chini ya taa na kuitazama mikono yake pande zote mbili, kama mtu anayetafuta doa. Mwanga ulikuwa mweupe, umetulia.

"Haya," mwenyekiti alisema hatimaye. "Mbishi naye hushindwa. Mvua yote hii na taa haijatetereka. Kamati nitazungumza nayo mimi."

Mkunga hakushangilia. Alimgeukia mwelekezaji.

"Dada, chini ya taa kama hii nitawalaza wanawake wenye uchungu. Niambie ukweli. Inayoiwasha sasa hivi ni nguvu ya jua?"

Swali hilo alikuwa amelijibu mara nyingi, kwa wanafunzi, kwa waandishi wa habari, kwa wakubwa waliopita wakitazama saa. Lakini hao hawakuwa na meno yaliyobana tochi. Akilini alimwona mwanamke kitandani, taa ikififia kama ile siku ya mshumaa. Akaona kwamba giza hilo lingekuwa lake.

Akaishusha picha ukutani.

"Hapana," alisema. "Ni umeme wa nguzo. Swichi ndiyo hii, na imewashwa tangu msimu uliopita. Nimewadanganya wote waliopita hapa. Sitaki kukudanganya wewe."

Mkunga aliitazama swichi, kisha taa. Hakukasirika. Angekasirika, ingekuwa nafuu.

"Ahsante kwa kusema," alisema, akafunga mkoba wake.

Mwenyekiti hakumcheka mtu. Alitoa simu, akampigia muuzaji pale pale. "Ile ya dizeli, ilete. Ndiyo, uamuzi ni wa mwisho." Walipotoka, mkunga alitembea kwenye mvua bila kukumbuka kufungua mwavuli wake.

Mwelekezaji alibaki peke yake chini ya feni. Uso ulimwaka kwa aibu, lakini mabega yalikuwa mepesi, kama ya mtu aliyetua gunia. Angalau mara moja, ndani ya chumba hiki, alikuwa amesema kweli. Aliiegemeza picha ya jua sakafuni, uso wake ukielekea ukutani.

Mlango ukagongwa. Alikuwa fundi cherehani wa jirani, mkono mmoja umeshika pasi ya mkaa, mwingine simu.

"Shoga, nichajie hii, nakufa," alisema, akiitazama feni kwa wivu. "Raha yenu watu wa jua. Sisi mtaa mzima hatuna umeme tangu alfajiri. Nguzo imelala barabarani, pale kwenye kona."