Mtoto Asiyesomeka

Katika mji wa Harlan Bend, kando ya Mto Mississippi, mtu alihesabiwa mkazi iwapo tu jina lake lilikuwamo katika kumbukumbu za historia ya mji. Kwa hiyo Nabintu alipoarifiwa kwamba gazeti la zamani lililotangaza kuzaliwa kwa binti yake, Asifiwe, limeondolewa humo, alitoka kiwandani bila hata kuvua aproni, akakimbilia maktaba.

"Karatasi ililowa kwenye mafuriko," alisema Bi Halvorsen, mtunzaji wa kumbukumbu. "Mashine inayosoma kumbukumbu imeshindwa kuisoma, na isichoweza kukisoma inakifuta."

"Lakini Mama Halvorsen, nilimzaa hapa hapa! Wewe mwenyewe ulikuja kumwona, ukamletea blanketi."

"Nakumbuka," alijibu kwa sauti ya chini, akiitazama kamera iliyokuwa juu ya rafu. "Ila ninachokumbuka mimi mji haukihesabu. Nenda nyumbani, Nabintu. Nenda haraka."

Alikimbia. Alimkuta Asifiwe mezani akila ugali kwa sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akamkumbatia kwa nguvu hadi mtoto akalalamika kwamba anamuumiza.

Ndipo nyumba, iliyounganishwa na kumbukumbu za mji, ikazungumza kupitia kipaza sauti cha darini, kwa sauti yake ileile ya upole.

"Karibu nyumbani, Nabintu. Naona una mgeni. Ataondoka saa ngapi?"

Asifiwe akageuka kutazama mlangoni. "Mgeni gani, mama?"

Nabintu alikuwa akisikiliza mlango wa chumba cha mtoto ukijifunga wenyewe.