Kesi ya Vifaranga Kumi na Mmoja

Vedastus, jirani wa upande wa juu, aliingia uani kwa Mektrida bila hodi, tenga tupu mkononi. Akawafuata vifaranga wa bata waliokuwa wakioga kwenye beseni, akamtia wa kwanza ndani ya tenga. Alipomkamata wa pili, Mektrida akatoka jikoni mbio na mwiko wenye unga.

"Weka chini hao bata, Baba Given! Weka, nisije nikakupasua kichwa!"

"Nusu ni wangu, Mama Leonia. Dume langu ndilo lililopanda jike lako."

Haya, ndivyo kesi ilivyoanza. Watu wazima wawili, wa parokia moja hapa Kibosho, wanagombania vifaranga wasiojaa hata sufuria! Lakini usiwacheke haraka. Mektrida alikuwa na jike moja tu la bata, na jike hilo liliatamia siku thelathini na tano bila mchezo. Vifaranga hao ndio waliokuwa tegemeo la nyumba yake, nyumba ambayo tangu Pasaka ilikuwa imeongezewa mlaji, na hakuna jirani wa upande wa juu aliyekuja hata na kilo ya sukari. Vedastus huyo ana ng'ombe watatu wa maziwa, na bata wake hata idadi haijui. Choyo tu, hakuna kingine!

Akaitwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Nikodemo. Akaja na daftari lake, akapewa kiti na meza, majirani wakajaa uani. Hata Given, kijana wa Vedastus aliyekuwa likizo kutoka chuoni Arusha, alisimama kando ya ua wa masale wa mpakani akichezea simu. Leonia, binti wa Mektrida, alichungulia mlangoni mara moja akarudi ndani.

"Shikamoo mzee," alisema Vedastus, na kabla marahaba haijamfikia akalipuka. Miaka yote, alisema, mwenye dume hapewi maneno, anapewa vifaranga. Yeye ameonewa, amedharauliwa, amefanywa mjinga.

"Nimeona kwa macho yangu, pale kwenye mfereji, kwenye mfongo! Dume langu limelishika jike lake shingoni kwa mdomo, limelikandamiza majini mpaka likazama kichwa."

Watu wakacheka. Mektrida hakucheka. Aliupiga mwiko kwenye ukingo wa beseni.

"Dume lako bado toto, Baba Given. Halijui mambo hayo."

"Toto? Lina miezi kumi! Huoni uso ulivyojaa nyama nyekundu? Bata dume akifika miezi saba amekomaa, na akishakomaa anatafuta. Usinifundishe bata mimi!"

"Mfongo huu una madume mengi, yanashuka na kupanda kutwa. Utajuaje ni la kwako?"

Vedastus akanyanyua kifaranga mmoja juu, miguu ikining'inia. "Tazameni! Doa jeusi utosini, kama la baba yake. Damu haifichiki, mama!"

"Basi jike langu lilijipeleka lenyewe. Mzigo ni wa mwenye jike."

Weee! Hapo Vedastus alipandwa na mori hasa. Mishipa ya shingo ikamsimama, mate yakamruka mpaka kwenye daftari la balozi.

"Lilijipeleka! Lilijipeleka! Jike peke yake lingeatamia mayai viza mpaka leo! Ukilifungulia dume lako likazurura kwa jirani, kilichozaliwa ni damu ya nyumba yako. Hata mtoto mdogo anajua hilo. Acha ubishi wa kijinga!"

Mzee Nikodemo akakuna kidevu. "Taratibu, Vedastus. Wewe unadai nusu. Na kulea je? Hawa wanakula."

"Nitalea! Vedastus hajawahi kukimbia damu yake. Andika hivyo hivyo, mzee, nitie sahihi mbele ya watu wote. Nimechoka kuchezewa!"

Balozi akaandika polepole, akisoma kwa sauti kila neno. Kwamba dume likikomaa si toto tena. Kwamba damu haifichiki. Kwamba hakuna habari ya jike kujipeleka. Kinachozaliwa ni cha nyumba ya mwenye dume, na mwenye dume atalea. Vedastus akanyakua kalamu, akatia sahihi kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Majirani wanne wakaweka majina yao kama mashahidi. Mektrida naye akasaini.

"Haya, chukua," akasema. "Chukua wote kumi na mmoja. Sina kinyongo."

Vedastus akamtazama kama anayetegwa, lakini choyo kilimzidi, akainama na tenga lake. Alikuwa amefika wa sita Mektrida aliposogea mezani, akalichukua daftari la balozi na kulikumbatia kifuani. Akasema polepole, kila mtu asikie.

"Mwezi wa pili nilikuja getini kwako, Baba Given. Nilikuja kwa adabu, na shikamoo nilimpa mama yako. Ukaniambia Given bado mtoto, miaka yake ishirini na sita! Ukaniambia wanaume Kibosho wako wengi. Ukaniambia binti yangu alijipeleka mwenyewe, kisha ukanifungulia mbwa."

Kando ya masale, Given aliacha kuchezea simu.

"Leonia!" Mektrida akaita kuelekea ndani. "Mlete mtoto nje, mwanangu. Babu yake ameshatia sahihi."